Uliyekataa Kuoshwa Miguu

Mwaka mmoja umetimia leo, Deus, tangu ulipoanguka Al Ras, hapa Dubai, na mkokoteni wa magunia ya iliki ukiwa mkononi mwako, na jambo la kwanza tunalofanya kukukumbuka ni kukuasi. Ulituagiza tusikuandikie kumbukumbu. Ulisimama mbele ya ushirika wetu mzima wa maombi, hapa hapa Rashidiya, ukasema, "Nikifa msiniandikie kitu, ndugu zangu. Mimi ni nani hata niandikiwe?" Jumapili iliyofuata ukarudia, kwa ajili ya wale ambao hawakuwepo. Kisha ukampa Erisa, Mganda anayetuongoza ushirikani, ile picha ya studio, umevaa suti ya kuazima, akutunzie endapo watu watasisitiza.

Basi tumesisitiza. Picha ni hiyo hapo juu. Umetoka vizuri.

Anayeandika ni mimi, mkeo Martina. Atakayesoma mbele ya watu ni dada yako Edna, kwa sababu sauti yangu haitafika mwisho. Edna amekwisha kuniambia, "Wifi, marehemu hasemwi hivi." Nimemjibu kwamba sikusemi, nakukumbuka, na mtu hukumbukwa jinsi alivyokuwa. Akaomba angalau niandike kwamba ulikuwa mtu wa watu. Nimekubali, maana ni kweli.

Ulikuwa mtu wa watu. Hakuna mtu wa ushirika huu, awe Mtanzania au Mganda, aliyerudi kwao bila wewe kumbebea mizigo. Ulitoka Al Ras baada ya kuvuta mikokoteni tangu alfajiri, ukapanda metro mpaka Rashidiya, ukaliweka begi la mwenzako begani kana kwamba siku ndiyo kwanza inaanza. Kwenye uwanja wa ndege ulibaki nyuma ya kioo ukipunga mkono mpaka msafiri apotee, hata kama yeye alishasahau kugeuka.

Trinah, yule dada wa Kiganda, alipotoka hospitali ulimpelekea uji siku tisa mfululizo. Ulikuwa uji mwepesi mno. Trinah mwenyewe husema aliona maua ya bakuli kupitia ndani yake. Lakini hakuna mwingine aliyempelekea mzito, na siku ya tisa alisimama akaoga mwenyewe.

Na mimi ulinipenda. Wewe ulikuwa na kitanda chako Deira, katika chumba cha wanaume wanane, na mimi nilikuwa na kachumba kangu nyuma ya jiko la madam huko Al Warqa, kwa hiyo ndoa yetu ilikuwa ya Jumapili. Kila Jumapili uliniletea kipande cha mdalasini ulichookota kwenye sakafu ya ghala, umekikunja kwenye gazeti, ili chumba changu kinukie. Arbab wako, tajiri mwenye ghala, alijua na akakuacha. Vipande hivyo ninavyo mpaka leo. Nikivinusa nakasirika na kulia kwa wakati mmoja.

Sasa tuje kwenye kile ulichosifika nacho.

Ulikuwa mnyenyekevu kuliko sisi wote, na hukutupa nafasi ya kulisahau hilo. Kwenye ushirika hukukaa mbele hata siku moja. Ulikaa kwenye kile kiti cha plastiki karibu na viatu, na Erisa alipokuita usogee ulisema, "Hapa hapa pananitosha, ndugu yangu." Alipokuita tena ulisema vilevile kwa sauti ya juu zaidi, mpaka wote waliokaa mbele wakageuza shingo kukutazama ulivyokaa nyuma. Maombi yako yalianza na "Mimi mdudu." Siku moja nilihesabu, Mungu anisamehe. Ulikuwa mdudu mara kumi na moja kabla hatujafika kwenye kuwaombea wagonjwa.

Nyumbani Muleba ilikuwa hivyo hivyo. Mama yako alizoea kukuwekea firigisi, maana ni haki ya mwanamume wa nyumba. Uliirudisha chunguni. Wakakubembeleza. Ukasema apewe mtoto. Mtoto naye akaogopa kula firigisi ya baba. Ikazunguka mkeka mzima, chakula kikapoa, na wote tukawa tunazungumza habari zako. Likizo yako ya mwisho firigisi ilichukuliwa na paka. Tulicheka, Deus. Tulidhani ni tabia tu, kama wengine wanavyokoroma.

Halafu kuna lile beseni jekundu. Ulilinunua mwenyewe, na kila mwaka Jumapili ya Matawi ulituosha miguu, kwa sababu Alhamisi Kuu wengi wetu tunakuwa kazini. Ulianzia kwa Erisa, ambaye husimama lindo kwa saa kumi na mbili na miguu yake si kitu cha kusimulia. Ulipiga magoti, ukaisugua kisigino hadi vidoleni, ukaifuta kwa taulo lako mwenyewe. Watu walitoa machozi. Nilikuwa mmoja wao.

Mwaka mmoja Erisa alikunyang'anya taulo. "Ssebo Deus, leo ni zamu yako. Kaa chini."

"Mimi? Hapana, ndugu yangu. Miguu hii haistahili."

"Hata Petro alikataa, halafu akakubali."

"Petro alikuwa mtume. Mimi ni mdudu tu."

Ukalichukua beseni, ukaenda kumwaga maji bafuni, na tukabaki tunatikisa vichwa kwa jinsi ulivyojishusha. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kwa nini mtu anayeosha miguu ya watu thelathini hawezi kuvua soksi zake mbele ya mmoja. Mimi ningepaswa kujiuliza. Nilikuwa mkeo.

Mwaka juzi, siku mbili kabla ya Iddi, bangili ya madam Jokha ilipotea. Kwa wasiomjua, madam Jokha ndiye niliyemfanyia kazi Al Warqa miaka sita. Kwao asili ni Unguja, na jikoni kwake nilisikia Kiswahili kizuri kuliko cha redioni. Bangili ilikuwa ya marehemu mama yake. Hakunisingizia. Aliniuliza tu, "Martina, hebu niambie, umeiona bangili ya mamangu?" Nikasema sijaiona. Akasema, "Haya, tuitafute sote." Tukatafuta siku nzima, yeye kabatini, mimi chini ya vitanda.

Alikuwa na huzuni, nami nikaingiwa na hofu, nikakupigia. Hukuniuliza kama nimeichukua. Hilo nililihesabu kuwa upendo, na nadhani lilikuwa upendo. Ukasema, "Mpigie magoti. Mwombe msamaha."

"Kwa lipi, Deus?"

"Kwa lolote. Unyenyekevu hauulizi kwa lipi. Mtu akiwa na uchungu unamwomba msamaha, moyo wake unapoa. Si ndivyo tulivyolelewa?"

Ndivyo tulivyolelewa, siwezi kukana. Kwetu mwanamke hupiga magoti akisalimia, na tunaomba msamaha hata kwa mvua iliyomnyeshea mgeni. Kwetu hakuna anayekosea maana yake. Nikaenda jikoni, nikapiga magoti juu ya vigae, kama ninavyomsalimia mama yako kila asubuhi nikiwa nyumbani. Nikasema, "Nisamehe, madam."

"Nikusamehe nini?"

Nikakumbuka neno lako. "Lolote, madam."

Alirudi nyuma hatua mbili mpaka akagonga friji. "Inuka. Anayepigiwa magoti ni Mungu peke yake." Halafu akanitazama muda mrefu, na nikaona uso wake ukibadilika. "Mtu asiye na kosa haombi radhi. Kumbe ni wewe, Martina. Miaka sita yote hii."

Nikasema hapana, madam, si mimi. Lakini nilikuwa bado niko chini, na mtu aliye magotini akisema hapana hasadikiki. Akasema hatanipeleka polisi, kwa kuwa nimekiri kwa hiari yangu. Niende kwetu tu. "Khalas," akasema, na alikuwa analia kuliko mimi. Siku ya nne viza ilikuwa imefutwa. Ulinibebea begi mpaka uwanja wa ndege, ukasimama nyuma ya kioo, ukapunga mkono. Mimi niligeuka kukutazama.

Jumapili ya wiki hiyo hiyo, kabla sijamaliza kufungua begi, ulisimama kwenye ushirika ukaomba maombi. Edna alikuwepo, ndiye aliyenisimulia. Ulisema, "Ndugu zangu, sitaficha aibu yangu. Nyumba yangu imeanguka. Mniombee, maana mimi ndiye wa kwanza katika wakosaji." Hukusema niliiba. Hukusema sikuiba. Watu walikusifu kwa wiki nzima, wakasema mwanamume wa namna hiyo, asiyeficha aibu ya nyumba yake, hawajapata kumwona. Edna akampigia mama yako. Mama yako akaanza kufunga kabati la sukari.

Kigangoni kwetu mimi ndiye niliyefua vitambaa vya altare tangu nikiwa msichana mpaka nilipokuja Dubai. Niliporudi, akina mama walisema nipumzike kwanza, safari ya Dubai inachosha. Baada ya miezi mitatu nikauliza kama bado nimechoka. Mwenyekiti wao akaangalia pembeni. Vitambaa alikuwa amepewa binti yake, na alikuwa anavichoma kwa pasi.

Hayo yote ningeyabeba. Lakini Belinda, mwanao, alikuwa na miaka kumi na moja. Alirudi shuleni siku moja hakuvua viatu, akasimama mlangoni.

"Mama, uliiba?"

"Sikuiba, mwanangu."

"Sasa kwa nini uliomba msamaha?"

Nikasema baba yako ataeleza. Jumapili akakuuliza kwenye simu, nami nilikuwa karibu, nikasikia. Ukamwambia amwombee mama yake. Tangu siku ile aliacha kuniazima chanuo lake. Najua ni jambo dogo. Naliandika kwa sababu ndilo lililoniuma kupita kabati na vitambaa, na kwa sababu neno moja tu kutoka kwako lingelirudisha lile chanuo.

Nilikuomba neno hilo kila Jumapili. Sikukuomba unilipe fidia wala umgombeze madam. Nilisema, "Waambie watu wa ushirika kwamba wewe ndiye uliyenituma kupiga magoti. Mwambie mama. Mwambie mtoto." Ukajibu, kila Jumapili, kwamba Bwana hakujitetea. Ukasema tunyamaze, ukweli utajitetea wenyewe.

Siku moja nilikujibu. Nilisema Bwana alinyamaza aliposhtakiwa Yeye. Aliposhtakiwa yule mwanamke mbele ya wenye mawe, hakunyamaza. Ukasema, "Martina, umeanza kiburi."

Miezi kumi na tano tuliongea hivyo. Kisha ukaanguka.

Ulirudi Muleba katika sanduku lililofungwa kwa misumari na karatasi za serikali mbili. Mama yako alitaka lifunguliwe, wakakataa. Nilikuwa nimechota maji, Deus. Nilikuwa nimeyapasha moto na kuweka taulo jipya juu ya beseni, kwa sababu niliwaza kwamba safari hii huwezi kuniambia miguu yako haistahili. Hata hivyo ulinishinda. Maji yale nilimwagia mgomba.

Siku ya kumi na sita baada ya mazishi nilikuwa shambani nikikata majani makavu, simu ikaita kwa namba ya Dubai.

"Martina? Mie Jokha."

"Shikamoo, madam."

"Marahaba, mwanangu. Pole na msiba. Nimemkuta Edna jana njiani ndipo akanambia, akanipa na namba yako." Edna, wasomaji wajue, hufanya kazi nyumba ya tatu kutoka kwa madam, na kwa mwaka mzima alikuwa anavuka barabara asikutane naye, kwa aibu ya kuwa na wifi mwizi. "Mumeo alikuwa mtu mpole. Nilipompigia kwa habari ya bangili, alivyonijibu kwa adabu, nililia."

"Bangili gani, madam?"

"Hakukwambia?"

"Hakuniambia nini?"

"Bangili niliipata, mwanangu. Hata siku ishirini hazijatimia tangu uondoke. Ilikuwa ndani ya mkoba niliokwenda nao harusini Maskati, imeteleza chini ya kitambaa cha ndani. Nikampigia mumeo siku ile ile. Nikamwambia, nimemdhulumu mkeo, nipe namba yake ya huko kwenu nimwombe radhi, na akitaka kurudi kazini arudi. Akanambia, 'Usijisumbue, madam. Sisi ni watu wadogo. Mtu mkubwa kama wewe hamwombi radhi mtumishi. Mke wangu alishasamehe kitambo.' Nikamwambia basi mfikishie wewe. Akasema, 'Inshallah, madam.'"

Nilikaa chini kwenye majani.

Hata siku ishirini. Hesabu mwenyewe, Deus, huko uliko una nafasi. Jumapili zote zile uliponiambia ukweli utajitetea wenyewe, ukweli ulikuwa umeshafika, umeshapiga hodi kwenye simu yako, na wewe ukaurudisha ulikotoka kwa adabu. Radhi ile haikuwa yako. Ilikuwa firigisi yangu. Mimi ningeila, na mchuzi wake, na Belinda ningemmegea.

Nimejiuliza mwaka mzima kwa nini. Mwanzoni nilisema ni ukatili tu. Edna akasema, "Kaka hakuwa mkatili, wifi," na nimekubali, mkatili halei mgonjwa kwa uji siku tisa. Nadhani ni hivi. Ili kunifikishia radhi ya madam, ungelazimika kuniambia maneno mawili kwanza: nilikushauri vibaya. Ulikuwa tayari kuwa mdudu mbele ya watu thelathini kila Jumapili, kwa sababu mdudu hana kosa lolote. Amezaliwa hivyo. Lakini kuwa mwanamume aliyemwambia mkewe jambo la kipumbavu siku fulani saa fulani, hilo lilikuwa chini mno. Hukuweza kufika huko. Huko ndiko nilikokuwa mimi, Deus, na nilikuwa nakungoja.

Madam alikuwa bado yuko kwenye simu. Akasema, "Mie nilikosa. Nilikuona magotini nikaona nimeshapata jibu, nikaacha kutafuta. Naomba radhi, Martina."

Hakusema yeye ni mdudu. Hakusema, "Mimi ni nani." Alisema alichokosa, akangoja. Mtu mwenye nyumba ya ghorofa mbili na madereva wawili, na hata si wa dini yetu.

Na unajua nilitaka kumjibu nini? "Usijisumbue, madam. Mimi ni nani." Maneno yako yale yale, yameshafika kwenye meno. Nimeishi nawe miaka kumi na minne, yaliniingia. Nikayameza. Nikasema, "Nimeipokea, madam." Lilikuwa jambo gumu kuliko kupiga magoti. Panga likaniponyoka.

Siku hiyo hiyo nilimpa Belinda simu, madam akamweleza mwenyewe. Usiku huo chanuo lilikuwa juu ya mto wangu. Mama yako sikumwambia kitu, Belinda alimwambia. Asubuhi nilikuta kabati liko wazi na yeye amekaa karibu nalo, hanitazami. Alisema kwa Kihaya kwamba alikosa. Ana miaka sabini na nne na ilimchukua dakika moja.

Nilirudi Al Warqa mwezi wa kumi. Sikurudi kwa unyenyekevu, nilirudi kwa sababu Belinda anaingia sekondari. Jikoni ni pale pale, vigae ni vile vile. Namsalimia madam nikiwa nimesimama. Nilipomwambia kwamba naandika kumbukumbu hii na kwamba naweza kulificha jina lake, alikataa. "Niandike kwa jina langu," alisema. "Nilikosa kwa jina langu."

Kwa hiyo, ndugu wa ushirika mnaosikiliza, mkiwa bado mmekaa: sikuiba. Bangili ilipatikana. Deus alijua. Erisa ameniuliza kama ni lazima isomwe siku ya kumbukumbu, mbele ya picha. Nimemwambia nyumba yangu ilianguka mbele ya watu hawa hawa, basi isimamie hapa hapa. Amefikiri, amesema, "Sawa, nnyabo. Isomwe." Beseni jekundu bado liko chini ya sinki, na anasema mwakani atakayeosha ataoshwa, asiyetaka kuoshwa asiguse taulo.

Hapa Edna alitaka nimalizie. Bado kitu kimoja, na hiki ni changu.

Jumapili ya mwisho, siku nne kabla hujaanguka, ulinipigia mara tatu. Hukuwa na desturi hiyo. Ulizoea kupiga mara moja, nisipopokea unaandika "Bwana akubariki" unalala. Mara ya kwanza nilikuwa nachambua maharage. Niliiona simu, nikaona jina lako linawaka, nikaendelea kuchambua. Mara ya pili niliigeuza kifudifudi. Mara ya tatu Belinda alisema, "Mama, ni baba," nikasema, "Mwache." Sikuwa na kazi. Maharage yalikuwa yameshaisha, nilikuwa nachezea maganda. Nilitaka uonje kumwita mtu asiyejibu.

Huenda ulitaka kuniambia ninyenyekee. Huenda ulikuwa umechoka kuibeba siri ile, umevua soksi hatimaye, na umetafuta mtu mmoja wa kumwambia maneno yale mawili. Sitajua. Nimewauliza wanaume wa chumba chako kule Deira, wanasema siku ile ulikaa kitandani na simu mkononi mpaka ikaisha chaji.

Mara moja nilipiga magoti kwa kosa ambalo halikuwa langu. Hili ni langu, na lina siku na saa. Uliniita, nikasikia, sikupokea, kwa makusudi. Naandika haya nikiwa chini, sakafuni mwa kachumba kangu, na hakuna aliyeniagiza.

Nisamehe, Deus. Ya kwako nitakusamehe nikifika. Bado sijafika, na sitadanganya mbele ya picha yako.

Unakumbukwa na mama yako, ambaye kabati lake halina kufuli tena. Dada yako Edna, ambaye sasa anapita upande wetu wa barabara. Mwanao Belinda, mwenye macho yako, ambaye kila Jumapili jioni huniuliza kama simu yangu ina chaji. Na mimi mkeo Martina.

Hatutakusahau kamwe, na tutakukumbuka jinsi ulivyokuwa.